Gari Lililotoka Kinyumenyume

Waashi walifika asubuhi wakamwaga mchanga mbele ya geti, ndipo nikajua mwenye nyumba mpya hakuwa anatania. Alikuwa ameniambia kwamba Jumamosi geti la uani linazibwa, mahali pake panajengwa fremu mbili za duka, na chochote kitakachobaki ndani ni chake. Ndani kulikuwa kumebaki kitu kimoja tu, gari langu. Lilikuwa gari la kale hasa, la enzi zile magari yalipokuwa bado yanafanana na mikokoteni ya farasi: taa za shaba, magurudumu ya njiti za mbao, na hendeli ya kuwashia inayoning'inia mbele. Watu wa vyuma chakavu walikuwa wameshakuja kulitazama, wakaligonga gonga kwa vidole na kuondoka wakitabasamu.

Miaka hiyo ilikuwa ya ruksa. Foleni za sabuni na sukari zilikuwa zimekwisha, Kariakoo ilikuwa imefurika bidhaa mpaka barabarani, na kila nyumba iliyokuwa na ukuta ilitobolewa ikawa fremu. Mimi nilikuwa nauza masufuria na vyombo vya enameli kwa jumla, katika chumba cha mbele cha nyumba moja ya zamani nyuma ya soko, upande wa kuelekea Gerezani. Wenzangu wote waliofanikiwa kidogo walikuwa wanakimbilia bandarini kununua magari yaliyotumika Japani, yenye redio na kiyoyozi. Mume wangu alinunua la kwake, jeupe, akawa analifuta kila jioni kwa kitambaa cha shingoni mwake. Mimi nikanunua hilo la shaba na mbao.

Alipolisikia, hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema tu kwamba nimenunua kaburi, kisha akawa anaondoka asubuhi bila kuniaga, anatoka geti la nyumbani kwetu na gari lake jeupe bila hata kugeuza shingo. Kwa watu niliwaambia nitalikodisha kwa maharusi, maana maharusi wa mjini wakati huo walikuwa wanatafuta kila aina ya mbwembwe. Hiyo ilikuwa sababu ya kuwaambia watu. Ukweli ni kwamba siku nilipohamia pale dukani na kwenda uani kutafuta maji, niliinua pembe ya turubai, nikaona taa ile ya shaba imenitumbulia jicho, na tangu hapo sikuwa na amani. Nililitaka. Mimi ni mtu wa kutaka kitu mpaka nikonde.

Mwenye gari, na mwenye nyumba wa zamani, alikuwa bibi wa Kihindi, mjane, aliyezaliwa na kuolewa hapahapa mjini. Sote tulimwita Ba, kama wanawe walivyomwita. Wanawe walikuwa wameshahamia Ulaya, na baada ya kuuza nyumba walikuwa wanamchukua. Ndege yake ilikuwa Jumapili. Alikuwa mdogo wa umbo, sari yake nyeupe imekunjwa hadi kwenye kifundo asiikanyage, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyetoka mlimani. Bei hatukushindania. Alinipa sharti moja.

"Litoke kwa nguvu zake lenyewe," aliniambia. "Lisisukumwe wala lisivutwe. Kwa geti hilo amebebwa mtu mmoja. Inatosha."

Mtu huyo alikuwa mume wake. Nilimwelewa, na kwa jinsi nilivyolitamani lile gari, ningekubali hata kama angesema litoke likiimba. Lilikuwa halijawaka tangu mumewe afe.

Nikamtafuta fundi Gerezani, mtu wa makamo kama mimi, mwenye maneno mengi na mikono mizuri. Alikuja majuma kadhaa mfululizo. Gasketi alizikata kwa kadibodi ya maboksi ya masufuria yangu. Tairi mbili alizishona kwa waya. Hakuwa amewahi kufungua gari la namna hiyo, na alisema hivyo waziwazi, lakini alifurahi nalo kama mtoto. Hatimaye siku ya Alhamisi liliwaka, likatetemeka lote, likajaza ua moshi wa buluu, na Ba akatoka jikoni akasimama mlangoni na mkono juu ya mdomo. Nikadhani taabu imekwisha.

Sasa niueleze ule ua, maana mambo yote yalitokea humo. Ulikuwa chini ya barabara. Mtaa ulikuwa umeinuliwa kwa vifusi na lami miaka na miaka, ua ukabaki shimoni, na ili gari lipande hadi getini mume wa Ba alijenga mteremko wa zege, mfupi lakini mkali. Upande wa pili, ukiangaliana na geti, kulikuwa na mlango wa jikoni, na kando ya mlango shubaka ukutani lenye picha za miungu yao na taa ndogo ya samli iliyokuwa haizimwi. Katikati ya ua palikuwa peupe. Majiko ya wapangaji yalikuwa yameshabomolewa.

Gari lilikuwa limeegeshwa pua kuelekea jikoni. Hilo halikunipendeza hata kidogo. Nilijua mtaa mzima utakuja kutazama, na sikutaka gari langu la maharusi lionekane mara ya kwanza likitanguliza makalio. Ijumaa jioni, Ba akiwa hekaluni kuwaaga wenzake, nikawaita wapagazi wanane wa mtaani. Wakalinyanyua kwa nyuma, wakalizungusha, na pua ikaangalia geti. Fundi naye akasema hapo sawa, gari kama mtu, litoke kifua mbele.

Ba aliporudi alisimama akalitazama kwa muda.

"Mmeligeuza," alisema.

Nikamwambia tumeligeuza ili litoke kwa heshima. Akaenda kutia samli kwenye taa yake.

Basi Jumamosi, wakati waashi wanachanganya zege, tukajiandaa. Ba alikuwa amelitia gari alama ya unga mwekundu juu ya boneti na kulivisha shada la maua ya manjano. Chini ya kila gurudumu aliweka ndimu, ili gari lizipasue likianza safari na husuda yote ibaki hapo chini. Msimamizi wa waashi, mtu mmoja mnene aliyekuwa na haraka, alikuja kuniambia kwamba yeye amepewa kazi ya siku moja na hawezi kumsubiri mtu. Nikamwambia gari linatoka sasa hivi. Akasema sawa, ataanza pembeni kwanza, na wenzake wakaanza kupanga matofali upande wa kulia wa geti.

Fundi alitia petroli kidogo tu kwenye tangi, kwa hofu ya moto, maana injini ilikuwa na tabia ya kupiga mlipuko. Akavuta vijiti vya moto na petroli vilivyo chini ya usukani, akaenda mbele, akashika hendeli, akaizungusha. Liliwaka. Watoto waliokuwa juu ya ukuta wakapiga makofi. Fundi akapanda, akakanyaga, gari likasogea, ndimu zikapasuka nne zote, likaukamata mteremko. Lilifika nusu. Likakohoa, likanyamaza, likarudi chini lenyewe taratibu mpaka lilikotoka.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilinitia hofu zaidi. Fundi alisema ni uchafu kwenye kabureta. Akaifungua, akaipuliza, akaifunga. Ba akaleta ndimu nyingine, akainama mwenyewe kuziweka. Gari likawaka vizuri, likanguruma vizuri kabisa pale tambarare, likapanda, likafika palepale, likazimika.

Getini ukuta ulikuwa umefika magotini. Kwa upande mmoja tu, lakini nilipoitazama nafasi iliyobaki niliona kabisa kwamba kozi chache za matofali upande wa pili, na gari langu halina pa kupita. Nikamfuata msimamizi nikamwomba asimame kidogo. Akaniambia zege likishachanganywa halisubiri, na mwenye nyumba akija akute hajafanya kazi atamfukuza. Hakuwa mtu mbaya. Nilimchukia kama nini.

Mara ya tatu ndipo mambo yalipoharibika. Fundi alikuwa amechoka na ameanza kuona haya, akaizungusha hendeli kwa hasira, dole gumba likiwa limeikumbatia, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amenionya nisilifanye kamwe. Injini ikapiga mlipuko, hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu, nikasikia kitu kikilia kwenye kifundo cha mkono wake. Alikaa chini kwenye vumbi. Uso wake ukawa wa kijivu. Ba alileta kitambaa na maji baridi akaufunga ule mkono, kisha akaingia ndani kumtafutia dawa.

Hapo msimamizi wa waashi akanijia. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ana vijana kumi, gari lenyewe jepesi, wakilisukuma sasa hivi bibi yuko ndani, linakuwa barabarani kabla hajatoka. Atajuaje?

Nililitazama geti. Nikautazama ukuta. Jua lilikuwa kichwani, fundi ameshika mkono wake, watu wamejaa mtaani, na mawazo yangu yalikuwa kwa mume wangu, jinsi atakavyokaa kimya jioni nikimwambia gari limebaki kwa wauza vyuma. Ningeweza kuvumilia kuchekwa. Kimya chake nisingekiweza. Nilifungua mdomo kusema sukumeni. Hilo neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Ba akatoka. Alikuwa na chupa ya mafuta ya kuchua mkononi. Aliwaona wale vijana wamejipanga nyuma ya gari, mikono imeshainuliwa, akaniona mimi, na akaelewa. Hakupiga kelele. Alipita katikati yao akapanda mteremko akasimama juu, getini, na sari yake nyeupe, kwenye nafasi ileile ambayo gari lingepita.

"Mume wangu hakutoka hivyo," alisema.

Nilimuuliza hakutoka vipi. Sauti yangu haikuwa ya adabu, nakiri, nilikuwa nimechemka.

"Pua mbele. Hakuna siku hata moja. Alikuwa anatoka kinyumenyume."

Fundi aliuliza kwa nini, wakati ua ni mpana na angeweza kuligeuza. Ba akanyoosha mkono kuelekea kule nyuma yetu, kwenye shubaka na mlango wa jikoni. Alisema pale ipo miungu ya nyumba, na yeye mwenyewe kila asubuhi alikuwa anasimama hapo mlangoni, na mumewe hakutaka kuwapa mgongo anapokwenda kazini.

Nilikaribia kulia kwa hasira. Mkono wa mtu umevunjika, matofali yanapanda, na mimi naambiwa habari za migongo. Lakini sikuwa na jingine la kujaribu. Nikawageukia wale vijana kumi, kwa kuwa walikuwa wameshanyanyua mikono tayari, nikawaambia wasisukume, walinyanyue waligeuze. Kunyanyuliwa humo humo uani halikuwa jambo lililokatazwa. Msimamizi alitazama saa yake, akatukana kidogo, kisha akashika mwenyewe pembe ya bampa. Pua ikarudi kuelekea jikoni, kama lilivyokuwa siku zote.

Fundi hakuweza kushika usukani. Alisema nipande mimi. Nilikuwa najua kuendesha, lakini magari ya kawaida, si hilo lenye pedali tatu ambazo hakuna hata moja inayofanya kazi unayoitegemea. Akakaa kando yangu, mkono wake umefungwa kifuani, akanionyesha: ya katikati ndiyo rivasi, uikanyage na usiiachie, hata likilia namna gani usiiachie. Kijana mmoja wa waashi akafundishwa hendeli, dole gumba nje. Ba akaweka ndimu tena, kisha akashuka mteremko akaenda kusimama mahali pake.

Liliwaka. Nikakanyaga ya katikati.

Gari likaanza kurudi nyuma. Fundi alikuwa ameutoa mwili wake nje anaangalia geti na kunielekeza, kulia kidogo, kulia, acha hapo. Mimi ilinipasa nigeuze shingo pia, lakini sikugeuza. Nilikuwa natazama mbele. Mbele yangu palikuwa na ua wote, na ule mlango, na taa ya samli mchana kweupe, na Ba amesimama mikono imeshikana. Kadiri tulivyopanda, pua ya gari ilikuwa inainama kuelekea kwake, na yeye alikuwa anazidi kuwa mdogo bila kuondoka machoni pangu hata kidogo. Injini ilipiga kelele za kutisha pale katikati, pale pale lilipokuwa linazimika, nikaibana ile pedali mpaka mguu ukafa ganzi. Halikukohoa. Gurudumu la nyuma likagusa matofali mapya, moja likaanguka, mtu akapiga yowe, na mara nikasikia lami chini yetu na kelele za mtaa mzima. Tulikuwa nje. Nilikuwa nalia na sikujua nimeanza saa ngapi.

Watu walituzunguka. Fundi, mkono wake umevimba kama muhogo, alikuwa ameanza kucheka peke yake. Aliinama akagonga chini ya kiti tulichokalia.

"Mama, ni petroli tu," alisema. "Tangi liko hapa chini ya makalio yetu, na hii gari haina pampu. Petroli inateremka yenyewe kwenda kwenye injini. Likiinua pua na petroli ni kidogo, haifiki. Ukipanda kinyumenyume, tangi linakuwa juu. Ndiyo hivyo tu. Mzee wa watu alikuwa anakwepa kuzimikiwa."

Nilimwambia anyamaze. Ba alikuwa anapanda mteremko kuja kwetu, akishika ukuta kwa mkono mmoja. Nikamwambia fundi kwamba akimwambia yule bibi habari za pampu nitamvunja na mkono wa pili, na sikuwa natania sana. Kesho yake alikuwa anapanda ndege asirudi. Miaka yote hiyo aliamini jambo moja zuri, na mimi sikutaka aondoke nchini akiwa amenyang'anywa.

Ba akafika. Akaweka kiganja juu ya boneti, karibu na alama ya unga mwekundu, akakiacha hapo ingawa chuma kilikuwa cha moto.

"Umeona, Ba," nikamwambia. "Limekataa kukupa mgongo."

Nilijiona mtu mwema sana kwa uongo huo. Alinitazama kwa muda, kisha macho yake yakaenda kwa fundi, yakarudi kwangu.

"Mwanangu," alisema, "unadhani petroli ya gari hii alikuwa anapima nani? Nilikuwa napima mimi, kwa kijiti, kila asubuhi kabla hajanywa chai. Ikiwa kidogo haipandi kwa mbele. Hilo nililijua kabla nyinyi hamjazaliwa." Akapangusa vumbi kwenye taa ya shaba kwa ncha ya sari. "Lakini mwisho wa mwezi alikuwa anajaza tangi mpaka juu. Likijaa linapanda vizuri tu. Na siku hizo pia alitoka hivyohivyo."

Mimi hasira ilinipanda upya. Nilifikiria kile kifundo cha mkono, na ule ukuta, na asubuhi nzima ya kutetemeka, na nikamuuliza kama alijua ni petroli, kwa nini hakusema mapema tukaongeza.

"Ningesema," alijibu, "mngenipita mmenipa mgongo."

Kisha akaniaga. Nilimwamkia shikamoo kama vile ndiyo kwanza tunakutana, naye akaitikia marahaba akanishika shavu. Alirudi ndani kupitia duka langu, maana getini waashi walikuwa wameshaanza upande wa pili. Sikumwona tena.

Nililipeleka gari nyumbani mwendo wa kobe, kupitia Buguruni, watu wakitoka kwenye vibanda kutushangaa. Mume wangu alilitazama, akalizunguka, akasema magurudumu yake ni mazuri, akaingia ndani kula. Kwa majuma mawili hatukulizungumzia. Fundi alipopona tuliziba matobo tuliyoyakuta kwenye tangi, na siku ya kulijaribu nikalijaza petroli mpaka ikamwagika.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Ua wetu ni tambarare, hauna hata jiwe, na gari lilikuwa limeangalia geti. Nikaligeuza kwanza. Ilichukua muda na kelele nyingi, mpaka mume wangu akatoka kusimama mlangoni na mswaki mdomoni. Nikakanyaga pedali ya katikati, nikaanza kutoka taratibu, namtazama. Alitoa mswaki akauliza ninafanya nini, mbona natoka kinyumenyume wakati gari lilikuwa limeshaangalia geti.

Nikamwambia ni mambo ya petroli.